Siku moja maishani mwangu: muuza tiketi za ndege anayeshinda kwenye daladala

Saa 11 na dakika 45 alfajiri nishapata siti Gongo la Mboto, tena ya dirishani. Nikienda kazini lazima nipite nje ya uwanja wa ndege, halafu nikifika Kariakoo nawauzia watu tiketi za kurudi hukohuko nilikotoka, maisha haya jamani. Leo Tazara hapapitiki, nimeshuka saa 1 na dakika 5. Hiyo ni saa nzima na dakika 20, jet ya Mwanza ingekuwa inatua saa hizo na kwa angani kule ni kama kilomita 850, mimi zangu hazifiki hata 20.

Saa 2 nafungua ofisi, nafagia, nawasha kompyuta.

Saa 3 kaja mzee mmoja anaenda Mwanza, shikamoo marahaba, anauliza binti ndege ya panga boi na jet zinapishana sana? Nikamwambia panga boi inachelewa kama nusu saa hivi, akacheka, yeye kazoea basi, zaidi ya kilomita 1,100. Tiketi yake imeandikwa 06:30. Hapo ndo huwa nakuwa makini maana mwezi uliopita kaka mmoja alikuwa na 05:00 akaisoma saa 5 asubuhi, katokea uwanjani saa 3 na begi lake anajiona kawahi, wenzake washafika zamani. 05:00 ni saa 11 alfajiri jamani! Kwa hiyo mzee nikamwandikia kwa biro kubwa kabisa: SAA 12 NA NUSU.

Saa 5 mama mmoja wa vitenge, Dubai. Huyu kanikalisha nusu saa nzima. Anasema dada mbona kwenda masaa sita na nusu kurudi manne na nusu, ndege ya kurudi ni mpya? Nikachukua kalamu nikamchorea, mama angu, Dubai wako mbele yetu saa moja, tiketi inaandika saa ya kule unakofika, kwenda toa moja kurudi jumlisha moja, zote zinakuja masaa matano na nusu, karibu kilomita 4,000. Akaangalia mchoro, akaniangalia mimi, akasema nikatie tu hiyo ya haraka.

Mchana wali maharage, wateja hakuna.

Saa 9 kijana anataka Zanzibar. Kilomita 73, dakika 20 angani, hata mkanda hujauzoea unaambiwa mnatua. Ila anakaa Bunju, na uwanjani anatakiwa awahi, nikampigia hesabu mlango kwa mlango akaona bora boti.

Saa 1 usiku nimesimama kwenye daladala, Kipawa, ndege inatushukia juu ya vichwa, konda anagombana na abiria kuhusu chenji. Simu inaita, yule mzee wa Mwanza.

"Binti, hii saa 12 na nusu uliyoniandikia, ni ya asubuhi au ya jioni?"