Kidonda cha nyonga baada ya kufungwa vyuma
Tangu shemeji yangu apate ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Ujiji na kufungwa vyuma kwenye mifupa ya nyonga, nimekuwa nikikihofia kidonda kuliko mifupa yenyewe. Ajali yenye nguvu ya kuvunja nyonga mara nyingi huponda nyama, na pengine huibandua ngozi kutoka kwenye tishu za chini yake, damu ikajikusanya katika uwazi huo bila ngozi kuchanika, na bakteria wakapata makazi. Kibofu au utumbo ukipasuka hatari huongezeka, na hali kadhalika kwa mgonjwa mnene au mwenye kisukari. Bakteria wakishatanda juu ya chuma hujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida. Ndiyo maana dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kupasua, wala haingoji usaha uonekane. Nyumbani Mwanga, dada alikuwa akifunua bandeji kila jirani alipokuja kumjulia hali mgonjwa, jambo lililonikera kwelikweli. Majimaji yasiyokoma kutoka kidondani, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hata wiki kadhaa baada ya kutoka wodini, ni sababu ya kumrudisha mgonjwa kwa daktari aliyempasua, si ya kumnunulia vidonge dukani.