Kopo la Vizibo

Mjukuu wangu alilitoa uvunguni jana, akalitikisa, akaniuliza, "Bibi, hivi vizibo vya soda mbona vimeandikwa?" Akavimwaga mkekani: ma, ka, ndo, mbe. Wino wa maka peni umefifia, lakini mwandiko ni wangu.

Ni vya mwaka 2011. Matokeo ya mwaka uliotangulia ya Uwezo, utafiti unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, yalikuwa yametutia simanzi walimu wa Tanzania: katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Nikawapima wangu wa darasa la tatu kwa ngazi zile zile: silabi, neno, aya, hadithi. Walikuwa 83, na 17 walikwama kwenye silabi. Miezi yote hiyo nilikuwa nawafundisha wote ukurasa mmoja!

Nikawagawa. Wa hadithi walibaki darasani na vitabu, wa maneno na aya wakakaa barazani, wa silabi nikaenda nao chini ya mwarobaini na vizibo nilivyoomba kwa mwenye duka.

Mmoja wao aliwazidi wote kimo, mchunga ng'ombe, kwao wanazungumza Kigogo. Ukurasa wa kwanza wa kitabu aliutiririsha bila kukosea, kwa kuwa alikuwa ameukariri. Ukimwonyesha neno moja la katikati, kimya. Asubuhi ile nilichuchumaa mavumbini kando yake. Alishika kizibo cha ng'o, akakigeuzageuza. Akasogeza cha mbe mpaka vikagusana. Midomo ikacheza bila sauti. "Ng'o... mbe." Akarudia, safari hii kwa mkupuo: "Ng'ombe." Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemficha neno hilo siku zote.

Kabla sijasema kitu, kengele ya mapumziko ikalia. Wa barazani wakapita mbio wakiimba, "Watoto wa vizibo! Watoto wa vizibo!" Akaweka kiganja juu ya neno lake. Kiganja kipana, chenye sugu za fimbo. Hakukiondoa mpaka wa mwisho alipopita.

Kesho yake nikawachanganya. Vicheko vikaisha, lakini wa silabi wakarudi kunyamaza nyuma ya wenzao wanaojua. Baada ya wiki nikawagawa tena, saa moja tu kila asubuhi, kisha darasa linaungana. Kufikia Novemba, 11 kati ya wale 17 walikuwa wanasoma aya, yule mchunga ng'ombe akiwamo.

Walimu vijana huniuliza kama kufundisha kila mtoto kwa ngazi yake kunasaidia. Nawajibu ndiyo, kwa moyo wote, maana nimeona kwa macho yangu. Lakini sina hakika kama kilichomsaidia ni vizibo, au ni kule kupata mwalimu wa kukaa naye chini, wao 17 badala ya 83. Na kile kiganja hakijanitoka. Alipokuwa akikaa dawati la nyuma hakuna aliyemcheka, wala hakuna aliyejua kwamba hasomi.

Nilipomaliza kumsimulia, mjukuu hakuuliza habari za yule mchunga ng'ombe. Aliuliza wale 6 walikwenda wapi.

Walipanda darasa la nne pamoja na wenzao, nikamwambia. Vizibo nikabaki navyo mimi.