Milima ya Volta kwa macho ya mtu wa Lushoto

Mlima Afadja wa Ghana una urefu wa mita 885. Ukimtajia mtu wa Moshi namba hiyo atadhani unazungumzia kilima cha nyuma ya shule. Mimi natoka Lushoto, mji ulio juu ya hapo kwa mamia ya mita, na riziki yangu ni kuongoza watalii: Irente, msitu wa Magamba, na ile njia ndefu ya kwenda Mtae. Nimeupanda Afadja, na ulinitoa jasho kuliko vilima vingi vya kwetu vilivyouzidi mara mbili.

Sababu ni njia yenyewe. Njia zetu za Usambara zinauzunguka mlima taratibu, maana zilikanyagwa na mama zetu wakiwa na matenga ya mboga kichwani kwenda sokoni. Njia ya Afadja haizunguki. Inatoka kijijini Liati Wote, inapita mashamba, halafu inakwenda juu moja kwa moja, mizizi na mawe ndiyo ngazi zako. Ongeza joto lenye unyevu linalokulowesha shati hata kabla mpando haujaanza. Anayeamua ugumu wa mlima kwa kuangalia mita peke yake atapata somo pale.

Niliyaona haya Ghana, katika Mkoa wa Volta, mashariki kabisa, ambako safu ya milima inashikana na Togo. Nilikuwa Accra kwa mafunzo ya kazi, na yalipokwisha nikabaki kwa ajili ya milima. Magari ya kwenda mji wa Hohoe huondoka yakijaa, kama daladala za zamani, kwa hiyo wahi asubuhi. Njiani mnavuka mto Volta pale Atimpoku kwa daraja la Adomi, lile la chuma lenye upinde, lililofunguliwa 1957. Gari likipunguza mwendo tu, akina mama wanalizunguka na sinia kichwani: abolo, mkate laini wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, pamoja na visamaki vidogo vya kukaanga, ndugu wa dagaa. Nunua. Kutoka hapo hadi Hohoe ni mbali.

Nilianzia Amedzofe, kwa Waavatime, kijiji kilichokaa juu kabisa ya mlima. Kuna baridi ya jioni, kuna ukungu, kuna kanisa la wamisionari wa Bremen. Nilipoteremka kwenye pikipiki nilisimama kwanza. Nimekulia karibu na Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel waliweka kituo 1891, na Lushoto yetu Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Watu walewale, miaka ileile, walitafuta vilima vyenye hewa ya baridi huku na kule. Juu ya mlima Gemi, mwendo mfupi kutoka kijijini, bado umesimama msalaba wa chuma ulioachwa na wamisionari wa Kijerumani.

Lakini baada ya hapo historia zetu zinaachana, na mwenyeji wangu alinieleza tukiwa tumekaa chini ya msalaba huo. Togo ya Wajerumani, ambayo wakati huo ilikuwa na milima hii ndani yake, ilisalimu amri tarehe 26 Agosti 1914, vita ikiwa haijatimiza hata mwezi. Kwetu mapigano yaliendelea hadi Novemba 1918. Kisha Waingereza na Wafaransa wakaigawana Togo, na mstari wao ukapita katikati ya Waewe, kabila la pande zote mbili. Mei 1956 watu wa upande wa Waingereza walipiga kura wakachagua kuungana na Gold Coast, koloni la jirani la Waingereza, na Machi 6, 1957 wakaingia nayo kwenye uhuru wa Ghana. Mwenyeji wangu alinyoosha mkono kuelekea vilima vya mashariki akasema, "Shangazi zangu wako kule. Wanasoma Kifaransa." Ukitembea milima hii bila kulijua jambo hilo utaona majani mazuri tu.

Nikiwa Amedzofe nilikula wali wa Avatime, mchele wao mwekundu wa mlimani wenye sherehe yake ya mavuno inayoitwa Amu. Unatafunika, una ladha ya karanga. Siku za kawaida nyingine nilikula akple na mchuzi wa bamia, na mtu wa ugali hapati taabu yoyote hapo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Liati Wote, kabla hujagusa mlima, unaingia ofisi ndogo ya kijiji. Unaandika jina kwenye daftari, unaonyeshwa bei zilizobandikwa ukutani, unalipa, unapewa risiti, na unapewa kijana wa palepale wa kukuongoza. Huwezi kupanda peke yako, na huwezi kuja na kijana wako kutoka Accra akachukua nafasi hiyo. Sehemu ya fedha inabaki kwa kijiji. Amedzofe ni hivyohivyo. Wli, kwenye maporomoko, ni hivyohivyo.

Mtu anayesafiri kwa starehe anaweza kuona ni usumbufu, kila kijiji risiti. Mimi nilisimama nikalisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa hadi kijana akaniuliza kama kuna tatizo. Hakukuwa na tatizo. Kwetu, mgeni anaweza kutembea tangu asubuhi hadi jioni kupitia mashamba ya vijiji kadhaa, akapiga picha za nyumba na watoto na mahindi ya watu, na vijiji hivyo visipate hata shilingi ya kununulia chaki. Fedha inaishia mjini, kwa waandaaji wa safari, na kwa sisi waongozaji. Nimekuwa upande wa wanaopokea miaka yote hiyo, na bado nasema haijakaa sawa.

Tena angalia faida nyingine. Kijana wa Liati Wote anajua shamba hili ni la nani. Tulipopita kwenye kakao alisimama, akamsalimia mzee aliyekuwa akipasua matunda kwa panga, wakasalimiana salamu ndefu, ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, kama wafanyavyo Wasambaa wazee. Mzee akanipa kipande chenye mbegu nimung'unye ule utelezi mweupe, mtamu wenye ukakasi kidogo. Kakao nilikuwa nimeiona Kyela tu. Hapo ndipo nikasimuliwa habari za Tetteh Quarshie, ambaye kila mtoto wa Ghana anafundishwa kuwa alileta mbegu za kakao kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879. Mwongozaji wa kutoka mbali angenipitisha pale haraka tufike kileleni.

Kileleni kuna kibao chenye jina na urefu. Mashariki ni Togo, kilima nyuma ya kilima. Chini ni mabati ya kijiji. Magharibi, hewa ikiwa safi, unaona mng'ao wa Ziwa Volta, maji yaliyokusanywa na bwawa la Akosombo katika miaka ya 1960 na kufunika vijiji vingi. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, magoti yanalia. Shika fimbo, nawaambia hivyohivyo wageni wangu. Siku hiyohiyo nguvu ikikubakia, nenda maporomoko ya Tagbo, njia ya kivuli ndani ya kakao na msitu, vipepeo kila mahali, na maji ya kuondoa uchovu wote.

Wli ni habari nyingine. Njia ya kwenda maporomoko ya chini ni tambarare, unavuka mto Agumatsa mara kwa mara kwa vidaraja, hata mtoto anaitembea. Kabla hujayaona maji unasikia ngurumo, halafu upepo wa matone unakupiga usoni. Kwenye kuta za mwamba wananing'inia popo walao matunda, kwa maelfu, wakipiga kelele mchana kutwa. Watu wengi wanaoga hapo, wanapiga picha, wanarudi. Msiishie hapo. Maporomoko ya juu yana mpando mkali wa msituni, na huko juu nilikuta watu wachache sana.

Kwa atakayekwenda: cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Epuka Desemba hadi Februari kama unataka kuona mbali, kwa sababu upepo wa harmattan huleta vumbi la Sahara na vilima vinafutika. Mwezi wa mvua kubwa njia ya Afadja inateleza vibaya. Mimi nilikwenda Novemba, mvua zikiwa zimekatika na maji bado yakiwa mengi. Anza kutembea alfajiri. Beba fedha taslimu, sedi ndogondogo. Kati ya Hohoe na vijiji panda pikipiki au teksi ya kuchangia.

Niliporudi nililipeleka suala la daftari kwenye mkutano wa kijiji chetu. Mtendaji alikuwa na shaka, nani atashika fedha, waongozaji wenzangu wengine walikasirika waziwazi, na bibi mmoja akasimama akauliza kwa nini wageni wapite kwenye maharage yake bure wakati ng'ombe wa jirani akipita hapo hulipiwa faini. Swali lake ndilo lililomaliza mjadala. Sasa daftari lipo kwenye ofisi ya kijiji: tarehe, jina la mgeni, anakotoka, njia anayopita, kiasi alicholipa, na jina la mwenyeji aliyemwongoza. Fedha za kwanza zimepangiwa kukarabati kidaraja cha kwenda zahanati, na anayezitunza ni bibi yule wa maharage.