Kileti Kilichovunjika Mbele ya Fundo

Kishwara ni kitanzi cha kamba tu. Kinashika kasia kwenye kileti, ule mti mfupi uliosimamishwa ukingoni mwa mashua, na mtu anayekikagua chombo kizima jicho lake halifiki hapo. Asubuhi ya resi yetu ya makasia ya Wete, Pemba, Januari 2009, kishwara changu kilikuwa kipya. Ndicho kilichotuponza.

Tulikuwa watu saba: wavutaji 6, makasia matatu kila ubavu, na usukani ameushika Ami, mdogo wake baba. Ulikuwa mwaka wetu wa tatu. Mwaka wa kwanza tuliiacha mashua juani siku nne bila kuimwagia maji; mbao zikakauka, kalafati, pamba inayoziba nafasi za mbao, ikaachia, na nusu ya njia maji yameshafika vifundoni. Mwaka wa pili tulitoka kama tunaofukuzwa, tukivuta mara 36 kwa dakika, tukaishiwa na pumzi kabla hata ya kukiona chelezo, boya la kuzungukia. Safari hii tulikubaliana 28 tangu mwanzo hadi mwisho, Ami akihesabu kwa kugonga ubao kwa kisigino.

Agosti iliyotangulia tulijazana mbele ya runinga kuwatazama mapacha wavuta makasia wa New Zealand, Georgina na Caroline Evers-Swindell, kwenye Olimpiki ya Beijing. Mita 2000, na waliwapita Wajerumani kwa sekunde 0.01. Basi vijana wakarudi mazoezini wakitaka kuvuta kwa miguu kama wale. Haiwezekani. Kiti cha chombo chao kina magurudumu, kinateleza mbele na nyuma, ndiyo maana miguu inafanya kazi kubwa. Ubao wetu umepigiliwa misumari. Kwetu unakita nyayo kwenye taruma, mbao za mbavu za mashua, unainama kutoka nyongani, unalitia kasia majini, halafu unalala nyuma kwa uzito wa mwili mzima. Mikono inakunjwa mwisho kabisa. Anayeanza na mikono, viwiko vinamwisha kabla mgongo haujapata moto.

Makasia yetu yalikuwa ya dhiraa 7. Dhiraa 2 na shibiri zinabaki ndani, zilizosalia zinakwenda nje. Ukipunguza za ndani, kasia linakuwa zito kama unang'oa mkoko na mizizi yake. Ukizizidisha, unavuta kwa raha lakini bapa linakwenda masafa mafupi, na mikono yako inagonga mgongo wa aliye mbele. Alama ya mahali pa kishwara tuliifunga kwa ngozi, ili mti usiliwe na kamba, na juu ya ngozi tukapaka mafuta ya nazi kasia lipate kugeuka.

Kishwara cha zamani kilikuwa kimelika, nikakikata usiku wa kuamkia resi. Alfajiri nikafunga kingine kwa kamba mpya ya kumbi, nyuzi za ganda la nazi, kavu, nikakaza mpaka vidole vikauma. Nikajiona fundi. Kamba ya kumbi ni nzuri kwa kazi hii kuliko naironi, maana haitelezi na maji ya chumvi haiyaogopi. Lakini ikiwa mpya, inapolowa na kuvutwa kwa mara ya kwanza inanyooka: nyuzi zilizosokotwa zinajipanga upya na kitanzi kinaongezeka. Inatakiwa ilale ndani ya maji ya bahari usiku kucha, itundikwe na jiwe siku nzima, ndipo ifungwe. Hayo nilikuwa nayajua. Nilichelewa tu kuinunua.

Ilikuwa bamvua, maji makubwa, mwezi mpevu juzi yake. Maji yalianza kupwa mnamo saa kumi na nusu alfajiri, na sisi tukaanza saa moja na nusu, katika saa ya nne ya kupwa. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye mkondo mkali kuliko zote. Vyombo vitano vilitoka bandarini, vikachukuliwa na maji kuelekea kisiwa cha Fundo kama vifuu. Kwenda hakukuwa na kazi. Kazi ilikuwa kurudi, kupanda mkondo huohuo, na kaskazi ikipiga ubavu wa kushoto.

Tulizunguka chelezo tukiwa wa pili. Ami akaacha kina, akatupeleka pembeni karibu na mikoko, ambako maji ni haba na mkondo ni dhaifu. Wengine walibaki kati, wanavuta na hawaendi. Hapo ndipo nilipoanza kusikia sauti kwenye kileti changu. Ko. Ko. Ko. Kishwara kimelegea, nafasi ya vidole vitatu imepatikana baina ya kasia na mti, na kila nikivuta kasia haliegemei kileti, linakigonga. Kuegemea kileti kinavumilia siku nzima. Kugongwa mara 28 kwa dakika hakivumilii, hasa kikiwa na ufa uliofuata nyuzi za mti, nami ufa huo nilikuwa nimeuona wiki nzima nikiuita mkwaruzo.

Kilikatika dakika ya kumi na moja hivi. Nikaanguka chali juu ya miguu ya aliyekuwa nyuma yangu, kasia likaelea likivutwa na kishwara.

Kushoto yakabaki makasia mawili, kulia matatu, na omo, mbele ya chombo, likaanza kukata kushoto, kwenye mikoko. Unaweza kurekebisha kwa usukani, lakini usukani ukiukaza hivyo unakuwa breki. Ami akamwamrisha wa kulia mbele anyanyue kasia. Mawili kwa mawili, chombo kikanyooka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikwambiani kuhusu kamba?" kisha akanitupia panga.

Kisiki cha kileti kilikuwa kimebana tunduni. Tundu letu linatoboka hadi chini, kwa hiyo hukichokoi kwa kisu. Unakipiga kwa jiwe la nanga, kinadondoka ndani. Kileti cha akiba hatukuwa nacho. Tulikuwa na pondo la mkoko, mti mrefu wa kusukumia mashua, nikalikata ncha, shibiri moja na vidole vinne, nikachonga upande mmoja mpaka ukaingia. Ulicheza kidogo. Nikauzungushia kipande cha kanga kilicholowa, nikaupigilia tena, ukatulia. Kishwara nikakifungua, nikakisokota upya kikiwa kimelowa na kufupishwa, mizunguko mitatu badala ya miwili. Aliyenyanyua kasia muda wote huo alikuwa anafua maji, anayachota na kuyamwaga nje kwa upo, maana mawimbi ya kaskazi yalishaingia ngamani, chini ndani ya mashua, kiasi cha ndoo nne, na ndoo nne ni sawa na kumbeba mtu mzima asiyevuta.

Vyombo viwili vilitupita tukiwa kwenye shughuli hiyo. Tuliporudi kwenye makasia 6, Ami hakupandisha hesabu. Ishirini na nane ileile. Kimoja kati ya vilivyotupita kilikwama kwenye fungu la mchanga kwa kutuiga kukata pembeni bila kuyajua maji ya pale. Tukakiacha watu wake wakishuka kusukuma. Tukafika wa tatu, viganja vimechunika. Glavu za kitambaa nilizokuwa nimezivaa zilijikunja ndani ya kiganja na kutengeneza malengelenge matano. Tangu siku hiyo navuta mikono mitupu, kasia nalishika kwa vidole kama ndoana, silikamati.

Jioni ile, mashua ikiwa juu ya magogo, Ami alikuja na kamba mpya ya kumbi, pima nne, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari na kuweka jiwe juu yake. Resi nyingine ilikuwa imebakiza miezi kumi na miwili.