Babu kaonekana kwenye kamera, na mchawi alikuwa selotepu (kumbukumbu ya mradi, wiki ya tano)

Aisee kaonekana. Wiki tatu nimehangaika na mzimu mmoja kwenye sebule moja, na jana jioni, mvua inapiga bati kama kawaida ya Tukuyu, Babu katokea kwenye kochi lake, mguu juu ya mguu, kochi unaliona kupitia kifuani kwake, na hakuna kompyuta iliyogusa hiyo picha hata kidogo. Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Nina hasira pia, kwa sababu aliyekuwa anamficha Babu muda wote huo ni mimi.

Kwa aliyeingia leo: ni filamu fupi ya kuchekesha, Babu na Bibi wameshakufa, watoto wamepangisha nyumba kwa kijana kutoka Dar, na wazee hawajahama. Mpangaji katoa vitambaa vyote kwenye makochi, kabati la vyombo la Bibi kaligeuza la viatu, ukutani kabandika taa za rangi zinazobadilika zenyewe. Mizimu hawana ubaya na mtu, wamekereka tu. Tunashutia kwenye nyumba yenyewe ya Babu, Babu wa kweli, na anayemuigiza ni mjomba wangu, mtoto wake wa kumzaa.

Najua kuna watu watasema si ungeediti tu, weka klipu juu ya klipu, punguza mwonekano, kwisha kazi. Nilijaribu. Kwenye CapCut, programu ya kuediti video kwenye simu, inachukua dakika mbili na inaonekana imechukua dakika mbili, mzimu anakaa kama stika, kochi halimjui. DaVinci Resolve, programu ya kuediti ya kompyuta, ni bora mara mia na ina toleo la bure, lakini laptop yangu ya RAM 8 ikiifungua inahema kama lori la mbao linapanda Kitonga, na bado shida ni ileile, mwigizaji anaangalia hewa kwa sababu mwenzake hayupo. Mimi nilitaka mpangaji akae pale na Babu awe pale kwa wakati mmoja. Halafu nikikumbuka filamu ya Beetlejuice ya Tim Burton, ya 1988, mke na mume wamekufa wamebaki kwenye nyumba yao wanaangalia watu wa mjini wanaibomoabomoa, Burton alitaka makusudi vituko vionekane vya kutengenezwa kwa mkono, vya bei rahisi, na bado ikabeba Oscar ya mekapu. Kama wenye hela wanatafuta muonekano wa bei rahisi, mimi ambaye ninao bure naukimbia wa nini?

Kwa hiyo kioo. Ujanja wenyewe ni wa zamani mno, John Henry Pepper aliuonyesha jukwaani London mwaka 1862, wazo la mwanzo likiwa la Henry Dircks, na watu walikaa kwenye viti wakaona mzimu anatembea kati ya waigizaji. Unasimamisha kioo kikubwa cha dirisha mshazari, nyuzi 45, kamera inaangalia chumba kupitia kioo, na pembeni, mahali kamera haifiki, anasimama mtu kwenye giza amemulikwa yeye tu. Kioo kinaipitisha sebule na kumrudisha mtu, vyote viwili pamoja. Kwangu kamera iko mlango wa jikoni, kioo kiko kwenye kizingiti cha sebule, mjomba yuko koridoni mbele ya kitambaa cheusi. Nilianza na kaniki, ikawa inang'aa kibluu kila taa ikiigusa, nikaenda Mbeya mjini, Mwanjelwa, kutafuta mahameli nyeusi. Mahameli inameza mwanga. Msihangaike na kitu kingine.

Jambo moja lilinichukua siku nzima ingawa ni hesabu ya darasa la pili: taswira inakaa nyuma ya kioo umbali uleule ambao mtu yuko mbele yake. Kochi lilikuwa mita tatu na nusu kutoka kwenye kioo, koridoni nilikuwa na mita mbili na nusu tu, kwa hiyo Babu akawa anakaa hewani mita nzima mbele ya kochi lake mwenyewe. Tukasogeza kochi. Binamu yangu, ambaye ndiye msaidizi, mbeba nyaya, na mpangaji kwenye filamu, alitaka tuvunje ukuta wa koridoni. Mjomba alimwangalia tu.

Sasa shida yenyewe. Kwenye simu, siku ya majaribio, nilitumia kipande cha kioo na chupa ya soda, ikatokea chupa ya kizimu safi kabisa. Nikaazima kamera ya maana na lensi yake kwa jamaa anayepiga picha za harusi, tukafunga kioo kikubwa, na Babu hakuonekana. Yaani alikuwepo kama mvuke. Ukikodoa macho kwenye skrini unaona kitu kama alama ya mkono mchafu kwenye kioo, ndiyo mjomba huyo. Nikasema mwanga hautoshi. Taa mbili za LED zikawa nne, nne zikawa sita na moja kubwa ya kumulika uwanja tuliyoiomba kwa mtu, umeme ukakatika mara mbili na mara ya pili majirani wakaanza kutuuliza sisi. Mjomba akawa anatoka jasho mpaka linadondoka, na kwenye skrini bado ni mvuke, sasa mvuke unaotoka jasho. (Kwa wanaoshuti na LED za kawaida: umeme wetu ni hezi 50, weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, mtaokoa macho yenu na michirizi.)

Halafu koti. Mjomba aligoma kuvaa kitu kingine zaidi ya koti la marehemu baba yake, na koti ni jeusi. Kwenye kioo, kitu cheusi ni hakuna, kwa hiyo kile kidogo kilichokuwa kinaonekana kilikuwa kichwa na viganja viwili vinaelea. Nikaleta wazo la kulipulizia unga wa sembe kidogo, kidogo tu, lipauke. Alikaa kimya, halafu akasema, "Koti la baba yangu mnalipaka unga kama andazi." Akakubali lakini, na jioni nzima kila akikohoa kunatoka wingu.

Nilikuwa nimeshaamua kuacha, niseme kweli. Nilishaandika kwenye daftari "tumia CapCut".

Ndipo akaja mama jirani. Huyu huja kuchukua maziwa jioni na hupitia mlango wa jikoni, kwa hiyo alitokea nyuma yangu, pale pale kamera ilipo, mimi nimeinamia skrini nasonya. Akaangalia sebuleni, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo baba." Na kutoka koridoni sauti ikajibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Akajibu sijambo, akamtazama vizuri yule wa kwenye kochi, akauliza, "Mbona leo umepauka hivyo, unaumwa?"

Hakushtuka. Hakupiga kelele. Alimwona mtu mzima amekaa, akamwamkia. Binamu alicheka mpaka akaangusha stendi ya taa.

Mimi nilicheka kwa kuchelewa, maana kitu kilinigonga kichwani: kamuona. Mama wa watu kwa macho yake ya kawaida kamuona mpaka kajua kapauka, na kamera iliyosimama pembeni ya bega lake haimuoni. Nilikuwa nimeshamuona pia kwa macho siku zote, nikawa najidanganya kwamba macho yanaweza giza kuliko kamera. Nikatoa simu, nikaiweka palepale. Babu huyo hapo, mpaka vifungo. Kumbe mwanga ulikuwa unatosha tangu taa ya pili.

Nikaangalia lensi. Mbele yake kulikuwa na filta ambayo niliichukulia ni ile ya kuzuia vumbi, na pete yake ilikuwa inazunguka bila kufunguka, nikadhani imelegea, nikaogopa isije ikadondoka ni mali ya watu, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa nilizungusha selotepu isichezecheze. Haikuwa imelegea, imetengenezwa izunguke. Ni polaraiza. Ni ile ile wapiga picha wanayotumia kuondoa mng'ao kwenye maji na vioo vya magari. Mimi nimejenga mradi mzima juu ya mng'ao wa kioo, halafu nikaweka mbele ya lensi kifaa cha kufuta mng'ao wa kioo, halafu nikakifunga na selotepu kwenye pembe mbaya kuliko zote. Wiki tatu! Taa ya uwanjani! Unga!

Kwa wanaotaka kujua kwa nini ni mbaya kiasi hicho: mwanga ukigonga kioo kwa mshazari haurudi ovyo. Kioo kikisimama wima na kamera iko nyuzi 45, mwanga unaotikisika juu-chini unarudi mara kumi hivi zaidi ya ule unaotikisika kushoto-kulia. Filta inapitisha mmoja na kuzuia mwingine. Mimi nilikuwa nimeifunga ipitishe ule dhaifu, kwa hiyo sebule ilipungua nusu na Babu akapungua karibu wote.

Nikachana selotepu, na badala ya kuitoa filta nikaizungusha taratibu nikiwa naangalia skrini. Babu akaja. Nikaendelea, akanenepa, sebule nyuma ikafifia kidogo na yeye akawa mkavu kabisa. Nikarudisha, akayeyuka. Jamani. Robo mzunguko wa kidole, mzee anatokea na kupotea mbele ya mpangaji, laivu, kwenye klipu moja, bila kukata. Nimeizungusha nadhani mara hamsini. Mjomba koridoni anauliza, "Nimetoka?" Namjibu umetoka, umerudi, umetoka.

Kwa hiyo mpango wa wiki hii, ule wa mlango unaojifunga kwa uzi wa kuvulia, na wa panya wa darini, nimeuweka pembeni, na sijui kama nitaurudia. Maana mama jirani kaniandikia skripti mpya bila kujua. Babu haonekani. Lakini ukimwamkia lazima aonekane, kwa sababu mzee wa huku hawezi kuacha shikamoo ikapita hewani, hata akiwa amekufa, lazima aitikie, na akiitikia filta inazunguka. Mtoto wa jirani anaingia anaamkia, Babu huyo. Fundi bomba anaamkia, Babu na Bibi wote hao. Mpangaji anaishi nao miezi mitatu na hajawahi kuwaona kwa sababu anaingia na spika za masikioni hamwamkii mtu, na ndicho kinachowauma wazee kuliko vile vitambaa. Kurasa kumi na moja za zamani nimezichana, nimebaki na nne.

Yamebaki madogo mawili. Kioo changu ni cha milimita 6 na kila upande wake unarudisha taswira yake, kwa hiyo Babu ana ukingo pacha, mzimu ana mzimu. Cha milimita 3 pengo linapungua nusu, ila fundi vioo kanionya kwa ukubwa huo kitayumba upepo ukivuma, tutaona. La pili ni kanga ya Bibi. Imeandikwa "Nyumba njema si mlango", nilifurahi sana kuipata, na kioo kikaigeuza ikawa inasomeka kinyumenyume. Mama mdogo, anayemuigiza Bibi, hakusema neno, aliivua akaivaa nje ndani, maandishi yakanyooka, na kwa kuwa upande ule rangi umefifia kidogo ndiyo kwanza akawa marehemu zaidi.

Klipu ya mama jirani ninayo, kwa simu ya binamu, ila mvua imekula sauti yote, unasikia bati tu. Leo asubuhi nikamuomba arudie kwa kamera. Kakubali, kaja na kitenge kipya kabisa. Mara ya kwanza mjomba kaitikia marahaba kabla mama wa watu hajafungua mdomo. Mara ya pili vilevile. Ya tatu nilisahau kuzungusha filta. Ya nne kaitikia tena mapema, na mama jirani akasimama wima, akamgeukia mjomba mwenyewe kule koridoni, si wa kwenye kioo, akasema, "Baba, nimeshakuamkia mara nne tangu asubuhi, kwani ya kwanza haikufika?"

Kesho saa kumi jioni tunajaribu tena, kama umeme upo.