Jinsi nilivyopika empanada ya Galicia, kuanzia unga hadi oveni

Empanada nzuri, yaani ule mkate bapa unaojazwa samaki au nyama, inaanzia kwenye kitunguu. Naliweka hili mbele kwa sababu maelekezo mengi utakayokutana nayo yanaanza na unga, na ukianza na unga utapata mkate wenye samaki ndani, basi. Huku Galicia, mkoa mmoja wa Hispania, mafuta yaliyokaangia vitunguu ndiyo yanayokandia unga. Ladha ya ndani inahamia nje, na rangi pia inahamia. Mimi nilipolishika hili, mengine yote yalikuja yenyewe.

Naishi Vigo, mji wa bandari wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Kwetu ni Tanga. Ninayoizungumzia hapa siyo zile ndogo za nusu mwezi ambazo Wahispania huziita empanadillas na kuzikaanga kwenye mafuta. Hizo mtu aliyekulia kwenye sambusa hazimpi taabu. Empanada ya Galicia ni kubwa, ya duara au ya pembe nne, inajaa treya nzima. Ina tabaka la unga chini na jingine juu, inaokwa, halafu inakatwa vipande watu wagawane. Ndani hutiwa jodari, au bacalao, yaani yule samaki wa chumvi, pamoja na zabibu kavu, au sadini wadogo, au kombe, au nyama ya nguruwe.

Huyo nguruwe ndiye aliyenipeleka jikoni. Mimi ni Muislamu, na wapishi wengi wa huku hutia mafuta ya nguruwe ndani ya unga hata kama aliyejazwa ni samaki, kwa kuwa unga unakuwa laini. Wengine hutia divai nyeupe. Unauliza dukani, unajibiwa kwa adabu, mara nyingine muuzaji mwenyewe hajui kwa sababu unga ameletewa tayari. Nikaona kama nataka kula kwa moyo mkunjufu na wanangu nao wale, lazima niipike mwenyewe tangu mwanzo.

Aliyenifundisha ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima aliyezaliwa kijiji cha pwani upande wa Noia. Yeye huniita miña filla, binti yangu, nami humwita señora, maana kumwita kwa jina tupu mtu wa rika la mama yangu siwezi. Nilipomshukia na pakiti ya unga mkononi, aliitazama akaniambia, “Unga urudishe juu, binti yangu. Niletee vitunguu.”

Vitunguu maji vikubwa vinne, karibu gramu 800, vikatwe vidogo vidogo. Mafuta ya zeituni mililita 250, ambayo ukiyaona kwenye karai utadhani unataka kukaanga viazi. Usiyapunguze, kwa sababu karibu nusu utayatoa baadaye. Moto uwe mdogo kabisa. Tia vitunguu na chumvi kidogo, funika kwa robo saa ya kwanza vitoe maji, kisha funua uache maji yakauke. Pilipili hoho moja nyekundu na moja ya kijani huingia hapo, pamoja na punje mbili tatu za kitunguu saumu. Kazi nzima inachukua dakika 45, au hata saa zima, na haiharakishwi. Moto ukiwa mkali kitunguu kinaungua pembeni na katikati kinabaki kibichi, na uchungu ule utauonja hadi kwenye unga.

Señora hapimi kwa saa, anasikiliza. Mwanzoni karai linachemka kwa sauti nzito, ni maji hayo. Maji yakiisha sauti inakuwa nyembamba, mafuta yanajitenga na kuelea juu yakiwa safi. Hapo huchukua mwiko, akakikandamiza kitunguu kwenye ukingo wa karai. Kikisagika bila kuteleza, kimeiva. Kikiteleza, anakiacha. Kisha anazima moto, anasubiri kidogo, ndipo anatia kijiko kimoja cha chakula cha pimentón, ile paprika, pilipili nyekundu kavu iliyosagwa. Anazima kwanza kwa sababu paprika ina sukari yake na huungua upesi, ikawa chungu. Mafuta yanageuka rangi ya machungwa mbele ya macho yako. Mchanganyiko huo wanauita zaragallada, na ndio msingi wa karibu kila empanada ya mkoa huu, uwe unaweka samaki au nyama.

Mimina yote kwenye chujio lililowekwa juu ya bakuli na uache mafuta yadondoke yenyewe, bila kukamua. Utapata zaidi ya mililita 100 ya mafuta mekundu yenye harufu. Hayo ndiyo ya unga. Vitunguu vyenyewe viache vipoe kabisa. Mimi hupika zaragallada usiku, nikaiweka kwenye friji, asubuhi naendelea na unga. Ujazo, yaani kitu cha kutiwa ndani, ukiwa wa moto na kugusa unga mbichi unauyeyusha na kuulowesha kabla haujaingia kwenye oveni.

Unga wa ngano wa kawaida gramu 500. Hamira kavu pakiti moja ya gramu 7, chumvi gramu 10, maji ya uvuguvugu kama mililita 200, na yale mafuta mililita 100. Wanaoweka divai huiweka mahali pa sehemu ya maji, mimi hutumia maji matupu na sijaona kilichopungua. Mafuta ya nguruwe nayo hayahitajiki hata chembe. Mafuta ya vitunguu yanalainisha unga vilevile, na kwa ladha yanayapita. Señora mwenyewe anakubali hili, na tangu tuanze kupika pamoja hapiki tena na yale ya nguruwe ninapokuwepo. Ni heshima kubwa aliyonipa, naithamini.

Changanya, kanda dakika 10 hadi unga uache kushika mikononi na mezani. Utakuwa na rangi ya dhahabu na utanukia kabla hata ya kuokwa. Usiongeze unga mkavu kwa kuogopa mafuta, wenyewe utayanywa. Funika kwa kitambaa uumuke saa moja. Hauumuki sana kama wa mkate, na haitakiwi uumuke sana, kwani empanada inataka ganda jembamba lisilo na mashimo.

Wakati unaumuka, andaa ujazo. Ninayoipika mara nyingi ni ya jodari. Gramu 400 za jodari wa kopo, aliyechujwa maji au mafuta yake yote, anachambuliwa na kuchanganywa na zaragallada iliyopoa. Naongeza vijiko viwili vya rojo zito la nyanya, na mayai mawili ya kuchemsha yaliyokatwa visahani. Hakuna zaidi. Mwanzoni mkono ulikuwa unanituma kwenye kabati la bizari, maana sisi watu wa pwani samaki bila bizari tunamwona yuko uchi. Lakini kitunguu kilichopikwa saa zima kina utamu wake mzito, na bizari ingeufunika. Hapa nasimama na Wagalicia.

Kinachoharibu empanada nyingi ni unga wa chini kulowa na kubaki mbichi. Dawa yake ni tatu: ujazo mkavu na baridi, treya ya chuma nyembamba badala ya bakuli la udongo, na kuoka kwenye rafu ya chini ya oveni ili moto wa chini uufikie unga kwanza. Ukikichuja kila kitu vizuri hakuna kitakachokushinda hapo.

Gawa unga vipande viwili, kimoja kiwe kikubwa kidogo. Hicho ndicho cha chini. Mti wa kusukumia chapati unatosha kabisa, na mkono uliosukuma chapati tangu utotoni una faida kubwa hapa. Sukuma hadi unene wa milimita 2 au 3, tandaza kwenye treya iliyopakwa mafuta, uache kingo zitokeze nje. Tandaza ujazo sawasawa, ukiacha sentimita 2 pembeni. Funika kwa kipande cha pili, kisha kunja kingo za chini juu ya za juu huku ukizisokota kwa kidole gumba, kunja na kubana, kunja na kubana, kuzunguka yote. Katikati toboa tundu la upana wa kidole. Mvuke ukikosa pa kutokea, utapasua juu au utalowesha ndani.

Mabaki ya unga hayatupwi. Yanasokotwa kamba nyembamba na kupambwa juu. Señora alinisimulia kwamba kijijini kwao walioka kwenye tanuri moja la wote, kila nyumba ikatia alama yake ya unga juu ya empanada ili wasichanganyikiwe wakati wa kuzitoa. Yeye bado anaweka herufi ya kwanza ya ukoo wao. Wanangu hutaka niweke samaki, nami nawawekea samaki.

Paka yai lililopigwa. Oveni nyuzi 190 za selsiasi, dakika 40 hivi. Ikishakuwa ya kahawia, inyanyue pembeni kwa kisu uangalie chini. Kukiwa na rangi na pakigongwa pakasikika pakavu, itoe. Sasa vumilia. Angalau saa moja ikae, iliyo bora ni ile iliyopoa kabisa, kwani kitunguu kinatulia na vipande vinakatika bila kumwagika. Ndiyo maana ni chakula cha safari, cha pikiniki ufukweni, cha wavuvi kwenye boti. Haihitaji sahani wala kupashwa moto.

Chakula hiki ni cha zamani sana. Santiago de Compostela, pembeni mwa kanisa kuu, kuna jumba la askofu Gelmírez la enzi za kati. Kwenye ukumbi wake wa karamu, mawe yanayobeba matao ya dari yamechongwa watu wakiwa mezani wanakula, na wenyeji watakuonyesha kwa kidole mlaji aliyeshika empanada. Nilisimama pale nimeinua shingo nikafurahi kweli. Mkate wa kujazwa kama huu, mtu wa karne nyingi zilizopita ameupenda kiasi cha kuuchonga kwenye jiwe.

Kuna empanada moja ambayo nimeipenda kuliko ya ngano, na hiyo ni ya unga wa mahindi. Noia inasifika kwa kombe wake wadogo, berberechos, na huko huwafunika kwa unga wa mahindi. Sadini wadogo, xoubas, nao hupikwa hivyo. Mahindi hayana ule mvuto wa ngano, kwa hiyo unga wake unamwagiwa maji yanayochemka na kupigwa kwa mwiko mpaka ushikane, ndipo ukipoa unachanganywa na unga kidogo wa ngano au rai pamoja na hamira. Nilipoona señora anamwaga maji ya moto kwenye mahindi nilimpokea mwiko bila kuuliza, kwa kuwa kazi ile ni songa ya ugali tupu. Alicheka akasema hajawahi kupata mwanafunzi anayejua mkono kabla ya kufundishwa. Unga huo hausukumwi, unakatika. Unaubandika kwenye treya kwa viganja vilivyolowa maji, kipande kwa kipande, chini na juu. Kwa sadini msimu wake ni kiangazi. Wagalicia husema siku ya Mtakatifu Yohana, Juni 24, sadini hulowesha mkate, yaani wamenona mpaka mafuta yanachuruzika. Wakati huo hata zaragallada inahitaji mafuta machache.

Nilipokwenda Tanga likizo, mama alitaka aione. Oveni hatuna, tuna mkaa. Nikatumia sufuria pana ya chini bapa, nikaipaka mafuta, nikaibandika kwenye moto mdogo sana wa makaa machache, nikaifunika kwa sinia la bati na kupalia makaa mengi juu yake. Moto wa juu uzidi wa chini, siyo kinyume, la sivyo chini itaungua kabla juu haijakauka. Jodari tulimpata mbichi, kwa hiyo nilimchemsha kwanza kwa maji ya chumvi, nikamchambua na kumkamua. Mafuta ya zeituni ni ghali kule, nikatumia ya alizeti, na yakachukua utamu wa kitunguu vizuri tu. Paprika nilikuwa nimeibeba.

Mama alikula kipande cha kwanza kimya, cha pili akaomba ndimu na pilipili ya kukaanga pembeni. Kisha akaniuliza kama Wahispania hawa wanajua kwamba ndani ya unga ule wangeweza kutia pweza. Nikamwambia wanajua, Galicia pweza ndiye anayeheshimiwa kuliko samaki wote. “Basi kesho twende sokoni mapema,” akasema. Tulikwenda. Pweza anachemshwa mzima mpaka uma upite bila kushikwa, anakatwa vipande vidogo, anachanganywa na zaragallada yenye paprika ya kutosha, na kwa huyo nyanya haitiwi kabisa kwa kuwa ana maji yake ya kutosha.