Kabla ya Kumwambia Mtu Apunguze Umeme

Mipango mingi ya kuzisaidia kaya zenye kipato kidogo kupunguza matumizi ya nishati huanza na somo: zima taa, chomoa chaja, usiache mlango wa friji wazi. Nimeshiriki kwa kujitolea katika kazi ya kukagua nyumba za kaya za namna hiyo, na ninaamini kwa dhati kwamba somo hilo linapelekwa kwa watu wasiolihitaji. Kaya inayonunua umeme kidogo kidogo kwa mita ya malipo ya kabla imekwisha kujifunza kuhesabu kila uniti. Hukusanyika katika chumba kimoja ili taa moja iwatoshe wote, huzima hita kabla maji hayajapata moto, na wakati mwingine hukaa gizani mpaka fedha zipatikane. Nishati inapotea kupitia paa lisilozuia joto wala baridi, madirisha yasiyofunga na friji kuukuu ambayo mota yake haipumziki, vitu ambavyo aghalabu wanaoishi mle hawakuvichagua na hawana uwezo wa kuvibadilisha.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 watafiti Minna Sunikka-Blank na Ray Galvin walichapisha uchambuzi wa takwimu za nyumba zipatazo 3,400 za Ujerumani, wakaonyesha kwamba wakazi walitumia nishati ya kupasha nyumba joto pungufu kwa wastani wa takriban asilimia 30 kuliko ilivyokadiriwa na hesabu za kitaalamu, na kwamba pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi katika nyumba zilizo mbovu zaidi. Watu walikuwa wakivumilia baridi. Kwa hiyo nyumba kama hiyo inapokarabatiwa, sehemu ya nafuu huenda katika joto ambalo familia ilikuwa imejinyima, na bili haishuki kwa kiwango kilichotarajiwa. Wafadhili wanaotazama mita peke yake huweza kuhitimisha kuwa mradi umeshindwa, na hapo sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mtoto anayelala katika chumba kikavu chenye joto la kutosha ni matokeo halali ya mradi hata kama hayahesabiki kwa uniti. Uingereza, katika mkakati wake wa mwaka 2001, iliihesabu kaya kuwa na umaskini wa nishati iwapo ingelazimika kutumia zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili ipate joto la kutosha, yaani nyuzi 21 sebuleni na 18 katika vyumba vingine. Hesabu hiyo ilitazama mahitaji ya kaya badala ya malipo yake halisi, na hivyo haikuwasahau waliokuwa wakijinyima.

Mkaguzi anapoingia ndani inampasa ajue mzigo mkubwa uko wapi. Hita ya maji ya wati 3,000 ikiwaka kwa dakika kumi tu humaliza nusu uniti, umeme ambao ungetosha kuchaji simu zaidi ya mara ishirini. Kwa sababu hiyo naona ni kuwavunjia watu heshima kutumia nusu saa ya muda wao kuzungumzia chaja huku bomba la maji ya moto likivuja. Kuziba uvujaji, kufunika tangi na mabomba kwa nyenzo ya kuhami joto, na kuweka kichwa cha bafu kinachotoa maji kidogo ni kazi zisizo na gharama kubwa, na faida yake huonekana mapema. Taa nazo zina nafasi yake: balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na ikiwashwa saa tano kila siku huokoa zaidi ya uniti 90 kwa mwaka. Penye joto kali, rangi nyeupe juu ya paa huakisi jua kabla halijaingia ndani, na pangaboi linalotumia wati zisizofika mia moja linaweza kuahirisha haja ya kiyoyozi kinachotumia elfu moja na zaidi.

Kuhusu friji kuukuu, lazima liondolewe kabisa katika matumizi. Likipewa jirani, bili imehamishwa tu, na likitupwa ovyo huvujisha gesi ya kupoozea ambayo, kwa aina zilizozoeleka, huongeza joto duniani zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

Kazi ngumu iko katika nyumba yenyewe. Utaratibu unaofaa ni kuziba mianya kwanza, kisha kuhami dari na kuta zisipitishe joto, na mwisho kununua mitambo ya kupasha joto au kupoza, kwa kuwa nyumba iliyokwisha kuzibwa huhitaji mtambo mdogo zaidi. Hata hivyo, asiwepo anayeziba nyumba ambamo moto unawaka bila bomba la kutolea moshi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Tena nyumba nyingi zinazohitaji msaada haziwezi kuupokea: paa linavuja, ukuta una ukungu, nyaya za umeme zimechakaa. Marekani imekuwa na mpango wa serikali wa kuhami nyumba za watu wa kipato kidogo tangu mwaka 1976, na hadi leo mafundi wake hulazimika kuziahirisha nyumba za namna hiyo kwa sababu fedha za nishati hazikukusudiwa kuezeka paa upya. Wenye hali mbaya zaidi ndio wanaorudishwa nyuma. Bajeti isiyotenga fungu la matengenezo ya awali imekwisha kuwabagua watu hao, hata kama walioiandika hawakukusudia.

Kwa kaya zinazopikia kuni au mkaa, hesabu hugeuka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Familia ya namna hii ikihamia kwenye jiko la umeme lenye presha, mita yake itasoma zaidi kuliko jana, na bado moshi na masizi yatakuwa yamepungua na miti itakuwa imepona. Mradi unaodai umeme upungue katika kila kaya bila kubagua hauwezi kuliona jambo hilo.

Wapangaji wamesahauliwa kuliko wote. Mwenye nyumba hagharimii ukarabati kwa kuwa bili si yake, na mpangaji hagharimii kwa kuwa nyumba si yake. Ruzuku ikitolewa bila masharti, kodi inaweza kupandishwa baada ya ukarabati, na familia iliyolengwa ikalazimika kuhama ili anayeweza kulipa zaidi afaidi dari jipya. Ningependa kila mkataba wa ruzuku umzuie mwenye nyumba kupandisha kodi kwa sababu ya ukarabati huo, au kumtoa mpangaji, kwa muda wa miaka kadhaa, na mpangaji apewe nakala yake kwa lugha anayoisoma. Fomu nazo zipunguzwe: kaya ambayo imekwisha kuthibitisha kipato chake kwa ajili ya msaada mwingine wa serikali isitakiwe kuthibitisha tena, na mafundi wanaogonga mlango watafutwe miongoni mwa wakazi wa mtaa uleule, wafunzwe na walipwe ujira kamili, ili mwaka ujao, dirisha likigoma kufunga, awepo mtu wa karibu wa kuitwa.